Kipimajoto cha mpakani hakishiki TB

Sa hizi kila watu wakiongezeka pale Bunagana, mpakani na Kongo, wakapelekwa kituo cha mapokezi cha Nyakabande, huku kwetu Nsambya, Kampala, stori ni ileile, ati wakimbizi wanatuletea TB (kifua kikuu), mpaka ufungwe, na wanaopiga kelele zaidi ni wale waliopita mpaka huohuo zamani, mimi nacheka tu. Uganda ina TB yake ya siku nyingi jamani, WHO, shirika la afya duniani, waliiweka 2021 kwenye ile orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa, haikungoja mtu akimbie Goma.

Naona watu wanachanganya TB na Ebola. Ebola, mtu akiambukizwa, ndani ya wiki 3 utajua, ndiyo maana mpakani wanapima joto. TB mdudu wake analala mwilini hata miaka, mtu hakohoi, hana homa, hamwambukizi yeyote, na wengi walio naye hawataugua mpaka wanakufa na uzee wao. Sasa hapo kipimajoto kitasema nini? Anayeugua mara nyingi anaugua akishafika, amelala na watu kibao kwenye chumba kimoja hakina dirisha, chakula kidogo, na kama ana virusi vya ukimwi na hayuko kwenye dawa ndiyo hatari zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniambia serikali ijiandae, mimi namuuliza zile dawa za miezi 6 atazimaliziaje mtu anayehama? Miezi 2 ya kwanza unameza dawa za aina 4, halafu miezi 4 aina 2, na shida ni kwamba baada ya wiki chache tu kikohozi kinapungua, hamu ya kula inarudi, unajiona umepona. Na mkimbizi wa Uganda hajafungiwa kambini, sheria ya wakimbizi ya 2006 inamruhusu kutembea (jambo zuri sana hilo, nisieleweke vibaya), so mgao wa chakula ukikatwa kama ulivyokatwa 2025 mtu anatoka Nakivale, settlement ya wakimbizi, anapanda basi kuja Kampala kutafuta kibarua, mfukoni ana vidonge vya siku chache na kadi ya matibabu ameiacha kwa shemeji. Dozi ikikatika hivyo ndiyo TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, inapata njia.

Jirani yetu mmoja yalimkuta hayo. Kituo alichoenda hapa mjini wakamwambia arudi alikoanzia, nauli yenyewe hana! Bahati muuguzi mmoja akapiga simu kule settlement, wakamsomea rekodi yake, akaendelea palepale. Simu moja tu banange, na hiyo kwangu ni maandalizi kuliko mashine zote za mpakani.

Basi wewe unayesafiri, kabla ya kukata tiketi mwambie muuguzi kwamba unahama na unaenda wapi, akuandikie barua ya transfa yenye tarehe uliyoanza na dawa unazomeza, omba vidonge vya kukufikisha, kadi ipige picha kwenye simu. Dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure, usikubali mtu akuuzie. Na kama nyumbani mna mtoto chini ya miaka 5 aliyekaa na mgonjwa, mpelekeni naye hata kama hakohoi, akikutwa hana TB kuna dawa ya kumkinga.