Zabibu zenye uzi mwekundu

Baba ana mzabibu mmoja tu uani, hapa kwetu Ilazo. Dodoma zabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka, na msimu ukikaribia yeye hufunga uzi mwekundu kwenye kila kichala, ajue idadi. Kila asubuhi anahesabu, chai baadaye.

Leo kapata 11. Jana vilikuwa 14.

Jamani, nyumba nzima tumeamshwa! Mama kaulizwa, mimi nimeulizwa, hata mbuzi kakaguliwa mdomo.

Saa nne geti likagongwa. Mjukuu wa jirani, kabeba sahani imefunikwa kwa kanga.

"Shikamoo babu. Bibi anasema matawi yenu yamevuka ukuta, ndege wameanza kudonoa, ndiyo akavichuma. Hivi ni vyenu."

Vichala 3. Nyuzi nyekundu bado zimefungwa.

Baba alinyamaza, akawa anazishika zile nyuzi moja moja. Bibi wa watu hakufungua hata mmoja!

Mtoto akapewa vichala 2, na mama akajaza karanga, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

Sasa hivi baba yuko juu ya ngazi, anasogeza matawi mengine upande wa kwao.

Nampenda sana mzee huyu. Kwenu je, baba anahesabu nini?