Mjomba na Nafasi ya 22

Machi 2020, Minnesota Vikings walipomwachia Stefon Diggs aende Buffalo Bills na kupewa, pamoja na mengineyo, nafasi ya 22 katika drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ambamo timu huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, mjomba wangu hakuuliza timu itachezaje bila ya mpokeaji wake bora, yaani mdakaji wa mipira inayorushwa. Aliuliza kama tunarudia ya mwaka 2005. Mwaka huo Vikings walimpeleka Randy Moss kwa Oakland Raiders, wakapata nafasi ya 7, wakaitumia kumchukua Troy Williamson wa Chuo Kikuu cha South Carolina, kijana mwenye mbio za ajabu ambaye mpira ulikuwa ukimfika mikononi na kumponyoka. Mjomba alihama Mombasa na kufika Minnesota mwaka 1998, mwaka uleule Moss alipochukuliwa katika nafasi ya 21, na kipupwe chake cha kwanza ugenini alikipitisha mbele ya televisheni akimtazama mgeni mwenzake akifunga tachidauni 17, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani mara 17. Tangu hapo kila mpokeaji wa pembeni alipimwa kwa kipimo hicho, na wengi walipungua. Laquon Treadwell, aliyechukuliwa wa 23 mwaka 2016, alidaka mpira mmoja tu msimu wake wote wa kwanza, wa yadi 15, na jina lake lilikuwa halitajwi wakati wa chakula.

Nilikuwa nikiishi kwake Brooklyn Park, hapohapo Minnesota. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, basi la wanafunzi alilokuwa akiliendesha limeegeshwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa na mchana mzima wa kufanya apendavyo. Alichopenda ni kutazama mechi za vyuo zilizorekodiwa na kuandika. Daftari lake lilikuwa na hesabu za petroli katika kurasa za mbele; kurasa za nyuma alizipiga mistari kwa rula na kuzigawa safu tatu: mikono, miguu, na njia, yaani namna mchezaji anavyokata kona ili beki abaki peke yake akitafuta alipopitiwa. Safu ya mikono aliifanya pana kuliko zote.

Watabiri wa televisheni walikuwa na majina matatu wasiyochoka kuyapanga upya. Henry Ruggs wa Alabama alikuwa amekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.27 katika majaribio ya Indianapolis mwezi Februari, na baada ya hapo ikawa vigumu kumzungumzia mtu mwingine. Jerry Jeudy, mwenzake wa Alabama, alisifiwa kwa miguu iliyokuwa ikibadili mwelekeo bila ya kupunguza mwendo. Wa tatu alikuwa CeeDee Lamb wa Oklahoma, na huyo ndiye niliyemtaka mimi, kwa kuwa alikuwa akiupokea mpira katikati ya watu wawili kana kwamba hakuna mtu. Kati ya watatu hao nilimweka wa kwanza, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadili neno langu.

"Lamb hatatufikia," mjomba alisema. "Ukimtaka itabidi upande juu, ubadilishane na timu yenye nafasi ya mbele, na kupanda kuna gharama. Mimi nasubiri wa 22."

Aliyekuwa akimsubiri ni Justin Jefferson wa LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Msimu wa 2019 alikuwa amedaka mipira 111 kwa yadi 1,540 na tachidauni 18, na bado watabiri wengi walimweka nyuma ya wale watatu. Hoja yao ilikuwa kwamba muda mwingi alicheza kwa ndani, karibu na katikati ya uwanja, ambako beki hawezi kumbana mpokeaji kama anavyombana kwenye mstari wa pembeni. Tena alikuwa na Joe Burrow wa kumrushia na Ja'Marr Chase wa kuvuta macho ya walinzi upande wa pili. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Ila mjomba alikuwa ameitazama mara nyingi nusu fainali ya vyuo ya Desemba 2019, LSU walipowafunga Oklahoma 63 kwa 28. Jefferson alifunga tachidauni nne kabla ya mapumziko, na Lamb wangu alikuwa upande wa pili wa uwanja uleule. "Muda wa kukimbia ni wa saa," aliniambia akigonga daftari kwa kalamu, "mpira unadakwa kwa vidole." Nilimkumbusha kwamba hata Jefferson amekimbia kwa sekunde 4.43, ambayo si ya kudharauliwa. Akaniambia hiyo ni bahati njema, lakini hakuiandika.

Drafti yenyewe iliangukia Alhamisi, tarehe 23 Aprili, usiku wa kuamkia mfungo wa kwanza. Sherehe iliyopangwa Las Vegas ilifutwa, na kamishna Roger Goodell alikuwa akisoma majina akiwa nyumbani kwake. Misikiti nayo ilikuwa imefungwa, kwa hiyo tarawehe ilikuwa tuisali sebuleni, pale pale penye televisheni. Raiders walianza na Ruggs katika nafasi ya 12. Denver Broncos wakamchukua Jeudy wa 15. Dallas Cowboys, ambao hawakuwa na shida kubwa ya mpokeaji, wakamchukua Lamb wa 17, na mjomba akanitazama bila ya kusema neno, jambo lililoniudhi kuliko kama angesema.

Hapo mkewe akatoka jikoni kutukumbusha Isha. Mjomba alimjibu kwa adabu kubwa kwamba wakati wa Isha ni mpana, naye akamjibu kwamba upana huo haukuwekwa kwa ajili ya Vikings. Zilikuwa zimebaki nafasi chache, na hatari ilikuwa katika ya 21, ya Philadelphia Eagles, ambao kila mtu alijua wanahitaji mpokeaji. Wakamtaja Jalen Reagor, mpokeaji wa chuo cha TCU. Mjomba alisimama, akaketi, akasimama tena. Dakika chache baadaye Goodell akasoma jina la Jefferson, na televisheni ikazimwa kabla wachambuzi hawajafungua midomo.

Tulipomaliza kusali tuliiwasha na kukuta Vikings wamempa San Francisco 49ers nafasi yao nyingine, ya 25, wakashuka hadi ya 31, na 49ers wamemchukua Brandon Aiyuk, mpokeaji wa Arizona State ambaye daftari lilimpa alama nzuri. Mjomba alinung'unika mpaka daku.

Katika mechi mbili za kwanza za msimu, Jefferson hakuanzishwa, na simu alizonipigia mjomba siku hizo, kwa kuwa nilikuwa nimeshahama kwake, sizisimulii hapa. Mechi ya tatu, dhidi ya Tennessee Titans, alianza, akadaka mipira saba kwa yadi 175 na kufunga tachidauni ya yadi 71. Vikings walifungwa 31 kwa 30. Mjomba akanipigia tena, safari hii kuniuliza ni vyuo gani vina mabeki wazuri.