Kinu cha Kadutu na Gorila wa Kahuzi

Nilipohamia Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nilipanga nyumba iliyopakana na kinu cha kusagia muhogo, na majuma ya kwanza mashine iliponguruma alfajiri niliamka moyo ukinidunda. Miezi michache baadaye mama mdogo alikuja kututembelea kutoka Walungu, na asubuhi akauliza: "Mwanangu, kelele hii mnaivumilia namna gani?" Nikamuuliza kelele gani. Kikombe chake cha chai kilikuwa kikitetemeka mezani, nami sikuwa nikisikia kitu.

Mwanasayansi wa ubongo Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2000, alilichunguza jambo hili la kuzoea kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Ukimgusa kidogo, huyavuta matamvua yake ndani. Ukirudia mara kadhaa pasipo kumdhuru, huanza kupuuza, kwa kuwa seli ya neva inayopokea mguso hupunguza kemikali inayopeleka habari mbele. Akipata pigo la kuumiza, mguso ule ule humshtua tena. Kwa hiyo kuzoea ni kujifunza kwamba jambo fulani halidhuru.

Linaloniumiza ni kwamba funzo hilo laweza kugeuka uongo. Katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1970, mhifadhi Mbelgiji Adrien Deschryver pamoja na wafuatiliaji Wabatwa, wenyeji wa msitu huo, waliosoma nyayo na majani yaliyovunjika kama sisi tusomavyo barua, waliwaendea gorila mara kwa mara bila kuwadhuru, hadi wanyama waliokuwa wakipiga vifua na kuwarukia watu wakaendelea kutafuna majani mbele ya wageni. Ni kazi ya subira kubwa, na ninaiheshimu, maana ndiyo iliyoleta watalii na fedha za kuilinda hifadhi. Lakini gorila hawakumzoea mtu mmoja mwema. Walizoea umbo la binadamu, na jangili analo umbo hilo hilo. Maheshe, dume mashuhuri mwenye mgongo wa fedha, aliuawa mwaka 1993, na vita vilivyofuata viliangamiza wengine wengi.

Usiku wa juzi risasi zililia upande wa mlimani. Niligeuka, nikavuta blanketi, na usingizi ulikuwa tayari unanirudia nilipomkumbuka Maheshe. Nikainuka, nikawahamisha watoto kutoka chumba chenye dirisha, tukalala wote sakafuni ukumbini hadi kinu kilipoanza kunguruma.