Altaneta imelowa kulanti? Usikimbilie kununua altaneta

Wadau mlioko Marekani na haya magari ya Kimarekani ya zamani yenye injini ya V6 lita 3.8 ya GM (3800 Series II), hii inawahusu. Ukiona kulanti (yale maji ya kupoza injini) inadondoka upande wa belti, chini ya altaneta (ile mashine inayochaji betri) pamelowa, na ukifungua boneti unakutana na kaharufu fulani katamu, usikubali haraka ukiambiwa wota pampu, ile inayozungusha kulanti, imekufa. Gereji moja hapa Columbus waliniandikia wota pampu na altaneta vyote vibadilishwe, karibu dola 900, nikauliza sasa maji yenyewe yanaanzia wapi, hakuna aliyenijibu la maana.

Nikampigia mjomba, ana miaka mingi kwenye gereji za Ilala, shikamoo marahaba zikapita akasema "mjomba, maji yanashuka hayapandi, angalia juu ya hapo palipolowa, na usinunue kitu bado."

Sasa uzuri wa huku maduka ya spea kama AutoZone wanaazimisha vifaa, unaacha dhamana, ukirudisha unapewa hela yako yote. Nikachukua ile pampu ya kupima presha ya rejeta, unaifunga mahali pa mfuniko injini ikiwa ya baridi kabisa (ukifungua mfuniko wa moto utaungua uso, sitanii), unapampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, mingi ni kama PSI 15, halafu unashika tochi unasubiri. Mshale wa geji ukaanza kushuka, yaani presha inavuja, na kule nyuma ya breketi inayoshika kikaza belti, jirani kabisa na altaneta, tone likachomoza. Wota pampu kavu.

Pale kuna elbo (vipande vya bomba vilivyopinda) mbili ndogo za plastiki zinazopitisha maji kati ya ile breketi na injini. Hazina bolti, zimechomekwa tu na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji), na joto la miaka yote hiyo linaifanya plastiki iwe kama biskuti. Elbo zote mbili hazifiki dola 20! Kinachouma huku ni ufundi, saa moja ya fundi inapita dola 100 kirahisi, wakati bongo spea ndo inakumaliza, fundi mnaelewana naye. Ndo maana huku watu wenye kazi zao za ofisini utawakuta Jumamosi wamelala chini ya gari. Ila kama unakaa apatimenti soma mkataba kwanza, nyingi hawaruhusu kutengeneza gari kwenye paking, mi nilienda kwa shemeji mwenye nyumba yake.

Kazi yenyewe: toa waya hasi wa betri kwanza, maana waya mnene wa altaneta una umeme muda wote na spana ikigusa bodi utaona cheche. Mwaga kulanti kwenye beseni, legeza belti, toa altaneta, sogeza pampu ya stelingi, kisha breketi inatoka. Elbo zitavunjikia humo humo, hilo usishangae, chokonoa vipande taratibu na bisibisi bapa na hakikisha hakuna kinachodumbukia ndani kwenye njia ya maji. Matundu yasugue yang'ae, paka oringi kulanti kidogo, chomeka mpya. Mi niliweka za alumini. Altaneta nayo ikaushe vizuri kabla ya kuirudisha, kulanti ikizoea kuingia mle inakula brashi na beringi, ndo hapo taa ya betri inawaka na unauziwa altaneta mpya wakati ugonjwa uko kwingine.

Kwenye kujaza, sahau mambo ya nyumbani ya maji ya bomba. Huku maji matupu yakiganda yanatanuka na kupasua injini. Changanya nusu kulanti nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke (distilled), hapo unafika kama nyuzi hasi 37 za Selsiasi bila kuganda, na usidhani kulanti tupu ndo bora zaidi, tupu inaganda mapema, kwenye hasi 13 hivi. Ya rangi ya chungwa usiichanganye na ile ya kijani ya zamani. Washa gari, hita weka moto wa mwisho, fungua ile skrubu ndogo juu ya nyumba ya themostati (vali inayoachia kulanti injini ikipata moto) mpaka hewa iishe ianze kutoka kulanti bila mapovu, funga. Asubuhi yake ongeza kidogo, lazima itakuwa imeshuka.

Ile ya zamani kwenye beseni usiimwage nje wala usiiache wazi, ni sumu na ni tamu, mbwa na paka wanainywa wanakufa, na watoto hivyo hivyo. Ifunge kwenye galoni, uliza kwenu wanapokea wapi taka za sumu. Altaneta yangu ni ile ile ya zamani, inachaji volti 14 na ushee, na dhamana ya ile pampu ya kupimia nimerudishiwa yote.