Nilivyomtoa mbwa wangu Labrador kilo 41 mpaka 32 hapahapa Dar

Kwanza tuelewane, Labrador kula sio dalili kwamba ana njaa. Ukimpa sahani moja anamaliza, ukimpa tatu anamaliza, halafu anakuja kukaa mbele yako na yale macho utadhani hajala tangu juzi. Na wala sio uroho wa kufundishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza walitoa utafiti mwaka 2016 wakasema karibu robo ya Labrador wana jeni inaitwa POMC ambayo kipande chake kimekatika, na hiyo jeni kazi yake mojawapo ni kuuambia ubongo kwamba jamani tumeshakula inatosha. Mwaka 2024 wakaja na nyingine, kwamba mbwa wenye hiyo kasoro hata wakiwa wamelala tu mwili unatumia nguvu pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na wenzao. Yaani hamu ya kula iko juu, matumizi yako chini. Sasa mbwa kama huyo ukimsubiri ashibe mwenyewe utasubiri sana.

Wa kwangu anaitwa Simba, dume, wa rangi ya maziwa, amehasiwa (na kuhasiwa nako kunapunguza mahitaji ya chakula, hilo wengi hatuambiwi). Daktari wa mifugo alimpima akakuta kilo 41, akachukua damu kuangalia tezi ya thairoidi maana nayo ikilegea mbwa ananenepa hata kama hali sana, ikawa iko sawa, akampapasa nyonga na viwiko kwa sababu hapo ndipo Labrador wanapoumia, akasema huyu lengo lake ni kilo 32. Na asishuke kwa fujo, asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wake kwa wiki basi, kwa hiyo sisi tukawa tunatafuta gramu 400 mpaka 800 hivi.

Kitu nilichokipenda kwa yule daktari ni alivyonifundisha kupima kwa mkono. Kunja ngumi halafu pitisha vidole juu ya vifundo vyako, mbavu zikiwa hivyo mbwa amekonda. Kunjua mkono, papasa mgongo wa kiganja, unaisikia mifupa lakini ina kangozi juu yake, hapo ndio penyewe. Geuza upapase ndani ya kiganja, ukisikia nyama nyama tu na mfupa mpaka ubonyeze, huyo mnene. Simba alikuwa ndani ya kiganja kabisa. Ukimwangalia kwa juu hana kiuno, ni gogo moja kutoka mabegani mpaka mkiani.

Hesabu ya chakula nayo sio ngumu, unahitaji simu yako tu. Chukua uzito unaoutaka, zidisha kwa wenyewe mara tatu, yaani 32 mara 32 mara 32, halafu bonyeza kipeuo cha pili, bonyeza tena kipeuo cha pili, jibu zidisha kwa 70. Inakuja kama 940. Hizo ndio kalori zake za siku wakati wa kupungua. Chakula chetu kikavu kwenye mfuko kimeandikwa kalori 350 kwa gramu 100, kwa hiyo siku nzima ni kama gramu 270, na ndani ya hizo nikatenga sehemu ya kumi kwa ajili ya vitu vya kumzawadia. Kwa anayepika dona na dagaa hesabu ni ileile ila ujue unga wa mahindi wenyewe ukiwa mkavu unakaribia kalori 360 kwa gramu 100, na hapo hujaweka utumbo wala mafuta, na pia dona peke yake haitoshi kumlisha mbwa, ongea na daktari wako kuhusu protini na madini.

Sasa tuje kwenye vita yenyewe, maana kupima gramu 270 ni dakika moja, kazi ni watu wa nyumbani. Mlinzi wetu mzee mmoja mpole sana, Yanga damu, hataki hata kulitamka jina la mbwa anamwita Kijana, yeye usiku akila ugali wake anamkatia tonge. Watoto chapati chini ya meza, na chapati moja ya mafuta inaweza kupita kalori 250, hapo zaidi ya robo ya siku imeondoka. Mama mkwe akija kutoka Moshi ndio usiseme, kwake mbwa mwembamba ni aibu ya boma.

Kukataza hakukusaidia, kilichosaidia ni kopo la Blue Band. Kila asubuhi chakula chote cha siku kinapimwa kwa mizani ya jikoni kinaingia kwenye kopo, na karoti zilizokatwakatwa pembeni, na mtu yeyote anayetaka kumpa Simba kitu anachukua humo, saa yoyote, ruksa. Likiisha limeisha. Na kopo nikamkabidhi mzee.

Akaniambia, "Mama, huyu mnyama ana njaa, muangalie macho."

Nikamwambia, "Mzee wangu, macho yake tumeyazoea, shika mbavu." Nikamwonyesha ile ya ngumi na kiganja. Nikamweleza na habari ya kitunguu pia, kwamba mboga zetu zote zina kitunguu na kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, hiyo ndio ilimshtua kuliko habari ya unene. Toka hapo akawa mkali kunizidi mimi, mtoto akinyoosha mkono anaulizwa umechukua ngapi. Usiku akiwa lindoni anazitawanya punje kwenye majani Simba anazitafuta moja moja kwa pua, wanapoteza muda wote wawili.

Kupima uzito, mizani ya bafuni haifai, kumbeba mbwa wa kilo 41 utaumia mgongo. Tulikuwa tunaenda duka la vyakula vya mifugo wanapouza pumba, ile mizani ya chini ya magunia, anakaa pale na biskuti moja, vijana wa pale wakawa wanamsubiri kwa hamu.

Mazoezi sitasema mengi. Yanasaidia misuli na akili, ila kilo zilishuka kwa kopo. Kwa joto la Dar mbwa mnene kukimbizwa saa nne asubuhi ni kumtafutia kifo, kwa hiyo alfajiri, kamba mkononi, maana majirani wengine hawapendi kuguswa na mbwa na ni haki yao. Jumamosi baharini Kunduchi maji yakiwa yamejaa, kuogelea hakuumizi viungo, ukirudi unamsuuza maji ya bomba.

Maneno ya watu jiandae nayo. "Mbona mbwa wenu amekwisha, mna shida?" Mimi nilikuwa najibu na utafiti wa Purina, kampuni ya chakula cha mbwa ya Marekani, uliotoka 2002, Labrador 48 kwa jozi za tumbo moja, mmoja wa kila jozi akala robo pungufu ya mwenzake maisha yote, waliokula pungufu nusu yao walivuka miaka 13, wenzao 11.2, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa. Wengine wanaelewa, wengine wanaendelea kumwonea huruma.

Kuna kipindi uzito uligoma kabisa kushuka, kopo linapimwa, mzee anaapa, watoto wanaapa. Jibu tukalikuta kwenye kinyesi: nyuzinyuzi za embe. Ilikuwa Desemba, mwembe wa nyuma unadondosha usiku kucha na Simba anapiga doria. Sukari ni jambo moja, kokwa ndio hatari zaidi, mbwa akilimeza zima linaweza kuziba utumbo akaishia kupasuliwa. Tukaweka wavu wa kuku kuzunguka shina, akauchimba chini. Mwaka huu nimeongea na kijana wa jirani, anakuja kuokota jioni na alfajiri, na malipo yake ni embe zenyewe.