Rudia Alichosema Mwenzako

Niliingia Uganda Februari 2018, usiku, kwa boti la injini kutoka Tchomia, ufukweni mwa Ziwa Albert upande wa Kongo. Nilikuwa na miaka 19. Tulishukia Sebagoro, ufukwe wa upande wa Uganda, tukiwa tumelowa hadi kwenye mifupa, tukaandikishwa, kisha tukapandishwa magari hadi makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, ambayo wakati huo yalikuwa bado katika wilaya ya Hoima. Tulipewa turubai, sufuria, jembe na kipande cha ardhi upande wa Maratatu.

Nilidhani nimewaacha maadui zangu ng'ambo ya Ziwa Albert. Kumbe walikuwa wamepanda maboti kama yetu. Waliokimbia Djugu, kwetu kule Kongo, walikuwa Wahema na Walendu pia, makabila mawili yaliyopigana, na bomba la maji lilikuwa moja. Mimi ni Mhema. Vita vya 1999 hadi 2003 vilimmeza babu yangu nikiwa mtoto mchanga, na moto ulipowaka upya Desemba 2017 ukamchukua kaka yangu. Sasa kwenye foleni ya maji nilikuwa nasikia nyuma yangu sauti za Walendu na kuelewa kila neno, maana sisi Wahema wa Djugu lugha yetu ni hiyohiyo Kilendu. Hilo liliniumiza kuliko matusi.

Siku moja jerikani zikarushwa, msichana mmoja akapasuka kichwa. Wiki iliyofuata tukaitwa vijana ishirini chini ya mwembe. Aliyetuita alikuwa mama mmoja wa Arua, mnene, mpole, mwenye Kiswahili cha kule West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Alitutaka tuzungumze Kiswahili tu. Yeye Kilendu hakukijua, lakini nadhani alikuwa na sababu nyingine pia: Kiswahili hakikuwa na upande.

Sharti lake lilikuwa moja. Kabla ya kujibu, rudia alichosema mwenzako, mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema.

Nikapangwa na kijana wa Kilendu wa umri wangu. Akaanza kusema, macho yake chini, akichimba udongo kwa kidole. Watu walikuja kijijini kwao alfajiri. Baba yake alirudi ndani kumchukua bibi, paa likawaangukia. Yeye alikaa siku mbili kwenye matete ya ziwa na mdogo wake, wakinywa maji ya tope. Mdogo wake alifika Sebagoro akiharisha, hakumaliza wiki. Kipindupindu.

"Rudia, mwanangu," mama akaniambia.

Nikasema: "Anasema kijiji chao kilichomwa, lakini wao ndio..."

"Sijasema hivyo," yule kijana akanikatiza.

Nikaanza tena. Nikasema baba yake alikufa, lakini hata sisi...

"Sijasema hivyo."

Mara ya tatu pia neno "lakini" lilinitoka lenyewe. Mama wa Arua hakunikemea. Aliniwekea mkono mgongoni, akangoja. Mara ya nne nilisema polepole, neno kwa neno: paa, bibi, matete, maji ya tope, mdogo wake. Nilipofika kwa mdogo wake sauti ilikatika, kwa sababu mimi niliyajua yale matete. Nilijificha humo. Huenda tulikuwa hatua mia kutoka kwake, kila mmoja akiomba asisikike na mwenzake.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyosema."

Kisha zamu yake ikafika, nami nikamweleza habari za kaka yangu. Alikosea mara mbili.

Miaka baadaye, nikiwa tayari nasuluhisha ugomvi wa kuni na mipaka ya mashamba kati ya wakimbizi na wenyeji, nilifundishwa kwamba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2250 mwaka 2015, likitaka vijana wapewe nafasi katika kutafuta amani. Nilifurahi kulijua, na huwa nalitaja kwenye mikutano wazee wanapotaka kutunyamazisha. Lakini kazi hii nilishaichagua kabla ya hapo, jioni ileile, wenzangu walipotawanyika. Nilibaki nikimsaidia mama yule kukunja mikeka na kukung'uta vumbi.

"Mama, kesho mnaanza saa ngapi?"

"Saa tatu," akasema. "Ila wewe njoo saa mbili, tutandike pamoja."