Neno moja, sehemu tatu

Nilipewa kurasa mbili za Kiingereza kuhusu gugumaji, mmea ule unaoelea na kufunika ziwa, nizitie kwa Kiswahili. Nikajua ni kazi ya asubuhi moja. Ila kulikuwa na neno "penetrate" mara tatu: mwanga wa jua hau-penetrate maji, mitumbwi hai-penetrate gugumaji, na vikapu vinavyosukwa kwa gugumaji viweze ku-penetrate soko.

Nikaandika "penya" kote. Si yanafanana? Pen kwa pen. Nilikuwa nimeamini tangu shule kwamba haya ni ndugu.

Jioni nilimsomea mama mmoja anayeuza vikapu katika soko la Kibuye, Kisumu. Nilipofika kwenye "vikapu vitajipenyeza sokoni" akacheka hadi akashika meza. "Kwani ni vya magendo, mwanangu?"

Nikarudi kwenye kamusi. Neno la Kiingereza liliingia karne ya 16 kutoka Kilatini, penetrare, na ndugu zake ni penitus, yaani ndani kabisa, na penus, akiba ya chakula cha nyumbani. Waroma hata walikuwa na miungu ya kulinda stoo hiyo, wakiitwa Penates. Kwa hiyo mzizi wake unakwenda ndani, hadi pale mgeni hafikishwi. Ndiyo maana Waingereza huweza kusema hivyo hata kuhusu akili ya mtu inayofika kiini cha jambo. Kupenya kwetu hakuna undugu nako. Sauti zimegongana tu. Kwetu kinachosikika ni wembamba wa njia: paka anapenya upenyo wa mlango, na huenda akatokea upande wa pili bila kukaa. Hata kipenyo cha duara kinakatiza kutoka ukingo hadi ukingo.

Hapo nikaanza upya. Soko lilikuwa rahisi: "vipate wanunuzi". Mwanga ulinisumbua zaidi, nikaenda ufuoni Dunga, kando ya ziwa, kumuuliza mzee mmoja mvuvi. Hakujibu. Aliingiza kasia chini ya gugumaji, akaliinua taratibu. Mizizi ikaja nayo, myeusi, laini kama nywele zilizolowa, ikichuruzika maji. Chini yake maji yalikuwa na giza la chumba kisicho na dirisha.

"Jua halishuki huku," akasema.

Nikaandika hivyo hivyo: jua halishuki majini.

Neno "penya" nikalibakiza mahali pamoja tu, kwenye mitumbwi, nikaona hapo limekaa kwao. Siku ya pili nikampelekea mzee asome. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akasimama papo hapo.

"Hapa umekosea tena, kijana wangu. Umeandika mtumbwi unashindwa kupenya. Mtumbwi haupenyi wenyewe. Ni sisi tunaosukuma, tukichoka tunalala humo."

Nikatoa kalamu: "wavuvi hawawezi kupenya na mitumbwi yao". Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona wavu.